Ulimi wako hauna kasoro, dada; tazama kwanza tarehe ya chupa

Swali limetoka kwa dada mmoja aliyekulia Mafinga, ambaye sasa anaishi Columbus, Ohio:

"Shikamoo kaka. Kazini kwetu tuna kikundi cha watu saba. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu analeta bia ya Kimarekani ya viwanda vidogo, zile kongwe zenye jina, tunaonja, kila mtu anaandika maoni yake na kutoa alama. Zamu yangu ilipofika nilinunua Sierra Nevada Pale Ale kwenye duka la jirani. Nikaandika nilichokiona: chungu kama mwarobaini, halafu inanukia boksi lililolowa. Wenzangu waliandika balungi, maua, msonobari. Walicheka kidogo, mmoja akasema ulimi wangu bado haujakomaa. Je, kweli nina kasoro? Na nikitaka kujifunza kuonja na kuandika, nianzie wapi?"

Marahaba, dada yangu. Huna kasoro yoyote. Tena kati ya watu saba mliokaa mezani siku ile, huenda wewe ndiye uliyeonja, wenzako wakasoma lebo.

Hilo boksi lililolowa ndilo lililonikalisha chini nikujibu kwa urefu. Nimekaa miaka mingi kwenye jopo la waonjaji la kiwanda cha bia, na sehemu kubwa ya mshahara wangu ilikuwa ya kulitafuta boksi hilo. Wakati chupa inajazwa, oksijeni kidogo huingia hata mtambo uwe mzuri namna gani. Inakaa humo, inafanya kazi yake polepole, na bia ikizeeka inatokea kemikali iitwayo trans-2-nonenali. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chini ya sehemu moja katika bilioni. Waonjaji wapya tuliwafundisha kwa kuwatilia tone lake kwenye bia safi, na wengine walihangaika siku kadhaa kabla ya kuipata. Wewe umeitaja bila kufundishwa na mtu.

Sasa na mimi nikuulize: ulitazama tarehe? Sierra Nevada huchapa kwenye chupa siku ilipofungashwa, kwa maandishi madogo ambayo mtu asiyeyatafuta hayaoni. Mimi bia ya namna hiyo sipendi ivuke miezi minne, na kama imekaa kwenye rafu isiyo na ubaridi, nainunua kwa shaka hata ikiwa na miezi miwili. Wafanyabiashara wa bia wana kanuni yao ya kukadiria: siku 3 kwenye joto la nyuzi 32 zinaichosha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Ni makadirio tu, usiyachukue kama sheria, lakini yanakuambia kwa nini katoni iliyosahaulika kwenye buti la gari mwezi wa saba huko Ohio haifai tena kuhukumiwa.

Mtu wa Mafinga kwa kweli sikupaswa kumweleza haya. Nani kwenu anauhukumu ulanzi bila kuuliza umegemwa lini? Wa leo asubuhi ni mtogwa, mtamu, unateleza. Ukikaa siku zake unakuwa mkangafu, na mtu akikusifia utamu wake utajua hajauweka mdomoni. Mwanzi ni ule ule na mgemaji ni yule yule. Bia nayo inatembea vivyo hivyo, ila inatembea taratibu na imefungiwa ndani ya chupa, basi watu wanadhani imesimama.

Kilichokuwa kimeondoka kwenye chupa yako ndicho kilichoipa bia hiyo jina. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na hata marufuku ilipoondolewa viwanda vidogo viliendelea kufa au kumezwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ilikuwa na kampuni za bia chini ya 100, na karibu zote zilipika laga nyepesi zinazofanana kama mapacha. Mwaka 1972 Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ilitoa aina mpya ya hopsi iliyozalishwa Oregon, ikaitwa Cascade. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, ndiyo yanayoipa bia uchungu wake na sehemu kubwa ya harufu. Hopsi za Ulaya hunukia majani na viungo vya upole. Hii ilinukia balungi, waziwazi, bila haya.

Fritz Maytag, ambaye mwaka 1965 alikinunua kiwanda cha Anchor cha San Francisco kikiwa ukingoni kufungwa, aliitumia Cascade kwenye Liberty Ale ya 1975. Kisha mwaka 1980, huko Chico, California, Ken Grossman na mwenzake Paul Camusi walianza kupika kwa mitambo ambayo sehemu yake ilikuwa vifaa vikuukuu vya kiwanda cha maziwa. Walimwaga mipiko kadhaa ya Pale Ale kabla ya kupata ladha isiyobadilika kutoka mpiko mmoja hadi mwingine. Hiyo ndiyo uliyoinunua: kilevi asilimia 5.6, kipimo cha uchungu 38, na chachu hai kidogo chini ya chupa, ambayo ndiyo iliyotengeneza gesi yake. Leo vipimo hivyo ni vya wastani kabisa. Mwaka 1980, kwa mtu aliyezoea laga ya kopo, vilikuwa kama kupigwa kofi.

Angalia namna hopsi zinavyotumika, maana hapa ndipo jibu la mwarobaini wako lilipo. Asidi za hopsi zinahitaji kuchemka muda mrefu ndipo zitoe uchungu, lakini mafuta yenye harufu yakichemka muda mrefu yanapaa na mvuke. Kwa hiyo mpishi anatia hopsi mwanzoni kwa ajili ya uchungu, anatia nyingine mwishoni kwa ajili ya harufu. Ni kama chai: tangawizi inatangulia sufuriani, iliki inasubiri mpaka karibu na kuepua. Bia ikizeeka, harufu ndiyo inayotangulia kuondoka na uchungu unachelewa nyuma. Ukabaki wewe na tangawizi bila iliki, na boksi juu yake.

Haya, tuseme umepata chupa mbichi. Unaionjaje?

Kule nyumbani mhudumu wa baa anakuuliza, "Ya moto au ya baridi?" Wamarekani nikiwasimulia kwamba kuna watu wanaagiza bia ya moto kwa hiari yao, wanashika vichwa. Lakini mjomba wako anayekunywa ya moto ana hoja. Baridi kali inaifunga harufu na kuufisha ulimi, na laga nyingi za matangazo zinatakiwa ziwe kama barafu kwa sababu hazina kingine cha kuonyesha. Ila joto la mchana wa Dar nalo limezidi. Bia kama hii itoe frijini, iache mezani dakika kumi na tano au ishirini, iwe kwenye nyuzi 8 hadi 10. Bia nzito zaidi ziache hata zifike 12 au 13.

Imimine kwenye glasi. Ukinywa kwenye chupa, pua yako haipati kitu. Glasi iwe safi kwa maana ya kweli, isiwe na mafuta wala sabuni. Nilipokuwa mgeni kwenye jopo niliwahi kuandika mistari minne ya sifa kwa bia fulani yenye "ndimu changa, safi, inayoamsha". Mkuu wetu akaichukua glasi yangu, akainusa, akaniletea chupa ya sabuni ya vyombo iliyokuwa kwenye sinki. Ndimu yenyewe ilikuwa hiyo. Tangu siku ile naisuuza glasi kwa maji matupu hata nikiwa mgeni nyumbani kwa watu, na wenyeji wananishangaa.

Mimina polepole ukiilaza glasi, kisha isimamishe povu liinuke vidole viwili. Acha kidogo chini ya chupa, kule chachu ilikotuama. Haina madhara, lakini inaitia bia ukungu na ladha ya mkate mbichi, na kwa mara ya kwanza ni bora uijue bia ikiwa peke yake.

Sasa nusa kabla ya kunywa. Pumzi fupi fupi mbili tatu, halafu pumzika. Kama bado huamini kwamba pua ndiyo inayokunywa, changanya sukari na mdalasini wa unga kwenye kijiko, ubane pua, ulambe. Utapata sukari tu. Achia pua, na mdalasini unaingia kama mtu aliyekuwa akigonga mlango. Ulimi unajua mambo machache tu, utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ule utamunyama wa mchuzi. Balungi, maua, kahawa na hata boksi lako vyote ni kazi ya pua, na vingi vinaifikia kwa nyuma, kupitia kooni, unapomeza na kutoa pumzi. Ndiyo maana waonjaji wa divai wanatema na sisi wa bia tunameza: uchungu unaobaki baada ya kumeza, na harufu inayorudi nao, ni nusu ya hukumu. Kwa sababu hiyo hiyo kipimo kiwe kidogo. Mililita 60 zinatosha kabisa, na maji yawe mezani. Uchungu wa hopsi unajilimbikiza, na bia ya tano itaonekana chungu kwa kosa la zile nne za kwanza.

Tufike kwenye maneno, maana nadhani hapo ndipo ulipoumia zaidi. Unaniambia wenzako wameandika msonobari na wewe hukuuona. Dada, umekulia Mafinga! Malori ya msitu wa Sao Hill yamepita mbele yako miaka yote hiyo, mbao mbichi zinatoka mashineni, utomvu unanata vidoleni. Kati ya watu saba wa kikundi chenu, ni wangapi wamewahi kusimama kwenye kiwanda cha mbao asubuhi ya baridi? Safari ijayo usitafute neno "msonobari". Mkumbuke fundi anaranda ubao, halafu nusa glasi.

Hiyo ndiyo njia ninayoijua mimi ya kujenga msamiati, na inashinda orodha zote wanazobandika ukutani. Nenda sokoni na jikoni kwako ukanuse kwa makusudi. Kwaruza ganda la chungwa, kisha la ndimu, kisha la balungi, uone wapi zinaachana. Mahindi ya kuchemsha yakiwa bado sufuriani: harufu hiyo ukiikuta kwenye bia ni dimethili salfaidi, mara nyingi mchemsho haukuwa wa nguvu. Siagi, au bisi za sinema: diasetili, chachu haikupewa muda wa kusafisha. Tofaa bichi: bia haijaiva. Karafuu kwenye bia ya ngano ya Kijerumani ni sifa, ila kwenye Pale Ale ni dalili kwamba chachu ya mwituni imevamia. Na ipo ile inayotokana na mwanga kuipiga hopsi kwenye chupa ya kijani au nyeupe. Wamarekani wanaifananisha na mnyama wao anayenuka, na sisi tuna kicheche, kwa hiyo hatuna haja ya kuazima. Chupa ya Sierra Nevada ni ya kahawia, inajikinga vizuri.

Ukiandika, andika kilichotokea kwa mpangilio uliotokea. Chupa mbichi niliyoifungua wiki iliyopita ili nikujibu wewe, daftari langu linasema hivi:

"Siku 31 tangu kufungashwa. Rangi ya asali ya nyuki wadogo, ukungu kidogo. Povu jeupe, linaacha pete kwenye glasi. Puani ganda la balungi kwanza, kisha mbao mbichi, nyuma yake ukoko wa mkate. Mdomoni utamu wa kimea unatangulia sekunde moja, uchungu unaupanda, unakaa, unakauka kama chai ya rangi isiyo na sukari. Gesi ndogo ndogo. Glasi ilipopata joto balungi likapungua, mkate ukaongezeka. Ningekunywa ya pili."

Hakuna neno "tamu sana" wala "ya kipekee". Msomaji wa maoni hayo anajua atakutana na nini, na asiyependa uchungu ameshaonywa. Maoni yako nayo yalikuwa njiani kuwa hivyo. Mwarobaini nisingeufuta, ila ningeongeza: uchungu unaingia lini, na unaondoka lini?

Kuhusu alama, sijui kikundi chenu kinatumia kipimo gani, lakini majaji wanaofuata BJCP, mpango wa Kimarekani wa kuwapa majaji wa bia vyeti ulioanzishwa mwaka 1985, wanagawa alama 50 hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, namna bia inavyohisika mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Mwonekano ni 3 tu, dada. Nimesoma maoni ya watu yenye aya nzima ya povu na neno moja la ladha. Jambo la pili ni kwamba jaji anaipima bia kwa jina ililojiita. Kama imejiita Pale Ale, uchungu ni wajibu wake, huwezi kuikata alama kwa kuwa chungu. Unachoweza ni kuandika pembeni kwamba wewe binafsi hukuipenda. Hivyo ni vitu viwili, na wengi wanavichanganya.

Umeuliza uanzie wapi. Kwa kuwa uko Ohio, mimi ningeanza na jirani yako, Edmund Fitzgerald ya Great Lakes, kiwanda kilichofunguliwa Cleveland mwaka 1988. Ni porta, aina ya bia nyeusi, na jina ni la meli iliyozama Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975 na mabaharia wake wote 29. Weusi wake unatoka kwenye nafaka iliyokaangwa, na sehemu ya uchungu wake pia. Umewahi kunywa kahawa chungu ya vikombe vidogo na kipande cha kashata? Onja, kisha uniambie. Kwa mtu anayeogopa hopsi sijaona mlango mzuri kuliko huu, na porta inavumilia rafu kidogo kuliko bia inayotegemea balungi.

Kisha Samuel Adams Boston Lager, iliyoingia sokoni mwaka 1985. Mwanzilishi wake, Jim Koch, alichukua mapishi ya babu wa babu yake na kutumia hopsi za Kijerumani. Wajuzi wa siku hizi wanaibeza kwa kuwa inapatikana kila uwanja wa ndege. Wasikuzuzue. Kwa mtu aliyelelewa na laga za kwetu, inaonyesha laga inaweza kuwa na kimea kinachotafunika. Baada ya hapo panda kwenye Two Hearted ya Bell's, kutoka Michigan, asilimia 7, inayotumia hopsi ya aina moja tu, Centennial, kwa hiyo ukiijua umeijua hopsi hiyo. Bigfoot ya Sierra Nevada, asilimia 9.6, iache mwisho kabisa. Hiyo ndiyo inayoivunja kanuni yangu ya tarehe, kwa maana watu wanaiweka miaka na inazidi kulainika, ikageuka kutoka uchungu kwenda sukari guru. Anchor Steam ningekupa pia, lakini kiwanda kilifungwa mwaka 2023. Mwaka 2024 kilipata mnunuzi, Hamdi Ulukaya, mwanzilishi wa kampuni ya mtindi ya Chobani. Ukiikuta chupa kuukuu dukani, iache hapo hapo.

Zamu yako, kwa hesabu ya watu saba, itarudi baada ya miezi saba. Tumia muda huo hivi. Wiki sita kabla, nunua Sierra Nevada Pale Ale mbichi, chupa mbili, uziweke juu ya kabati la jikoni mbali na mwanga, karibu na jiko. Siku yenyewe nunua nyingine mbili za karibuni kabisa. Zote nne zikae frijini tangu asubuhi zilingane ubaridi. Kila mwenzako mpe glasi tatu zisizo na jina, mililita 60 kila moja. Watatu wapate mbili kuukuu na moja mbichi, watatu wapate mbili mbichi na moja kuukuu. Chupa mbili za kila aina zinatosha, na kidogo kitabaki. Waambie jambo moja tu: glasi mbili zinafanana, moja ni tofauti, itajeni. Hicho kinaitwa kipimo cha pembetatu, na ndicho tulichopewa sisi kila asubuhi kazini. Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu.

Wewe usinywe, kaa na karatasi uandike majibu. Na yule aliyesema ulimi wako haujakomaa, mpe glasi zake wa kwanza.